Chujio na Mizani: Je, Mtihani Umzuie Mwanafunzi Kuendelea?

Mwaka 2012 Watanzania walisikia habari iliyowatia simanzi: wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Wote walikuwa wamefanya mtihani wa taifa wa darasa la saba, na wote walihesabiwa kuwa wamefaulu. Haukupita muda mrefu, Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Shukuru Kawambwa, akatangaza matokeo ya kidato cha nne. Kati ya watahiniwa wapatao 397,000, takribani 240,000 walikuwa wamepata sifuri. Sita katika kila kumi.

Ukizitazama habari hizo mbili kwa pamoja, unaona jambo ambalo kila moja peke yake hailionyeshi. Mtihani mmoja ulimfungulia mlango mtoto asiyeweza kusoma aya moja ya Kiswahili. Mtihani mwingine uliwafungia mlango walio wengi katika kizazi kizima. Baraza lililotunga mitihani hiyo ni moja na nchi ni ileile. Ndiyo maana mjadala wetu wa kila mwaka, kama mwanafunzi alazimishwe kufaulu ndipo avuke, huishia kwenye kelele. Upande mmoja unataka lango liondolewe, upande wa pili unataka likazwe, na hakuna anayeuliza mtihani tunautuma kazi gani.

Kazi ziko mbili, na jikoni na dukani tunazijua vizuri. Mpishi anayechuja tui hayapimi machicha. Anachotaka ni tui la kutosha sufuria yake, na yanayobaki huyaweka pembeni. Mwenye duka anayepima sukari hana cha kutupa. Anataka kujua imefika kilo au bado, na ikipungua anaongeza. Chujio huamua nani abaki nje. Mizani husema kimepungua kiasi gani. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukitumia chujio huku tukiliita mizani, na kwamba jibu la swali letu linaanzia katika kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Madawati machache, watoto wengi

Mfumo wa kumzuia mtoto kwa mtihani tuliurithi ukiwa na kazi iliyo wazi kabisa. Katika Tanganyika ya wakoloni Waingereza, mtoto wa Kiafrika alikutana na mtihani darasa la nne, akakutana na mwingine la nane, kisha la kumi, na wachache waliobaki walifika la kumi na mbili kufanya mtihani uliotoka Cambridge. Kila kituo kilipunguza idadi. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, waganga na walimu wachache, ikajenga shule chache, na mtihani ukapewa kazi ya kuwatoa waliozidi. Mtoto aliyeachwa darasa la nne hakuachwa kwa sababu masomo ya la tano yangemshinda. Dawati lake halikuwepo.

Uhuru uliongeza madawati, lakini watoto waliongezeka kwa kasi zaidi. Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ni asilimia 13 hivi tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari, na kwamba ni kosa kuwafundisha wote kana kwamba kila mmoja yuko safarini kwenda huko. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, na mtihani upunguziwe ukubwa wake katika maisha ya shule. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1973 ikatunga sheria ya kuunda Baraza lake, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe pamoja na alama za mtihani wa mwisho.

Nia ilikuwa njema, ila uhaba ulikuwa na nguvu kuliko nia. Kwa miaka mingi nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kimaeneo na kijinsia, hivyo alama iliyompeleka sekondari mtoto wa wilaya moja iliweza kumwacha nyumbani mtoto wa wilaya nyingine. Hapo ndipo hata lugha yetu ilipochanganya mambo. Kwa wazazi wengi, kufaulu la saba kulikuwa na maana ya kuchaguliwa. Taarifa za serikali zikalazimika kuwa na kundi la waliofaulu lakini wakakosa nafasi, na mtoto wa kundi hilo alikaa nyumbani akisubiri chaguo la pili huku wenzake wakishonewa sare. Alama zake zilikuwa zinatosha, shule ndizo zilizokuwa hazitoshi. Hata hivyo, mtaani aliitwa aliyefeli, na wengi wao wamezeeka wakiamini hivyo.

Kisha mambo yakabadilika kwa haraka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulianza mwaka 2002 baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa. Ule wa sekondari, MMES, ukafuata mwaka 2004, na kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake. Sekondari zilizokuwa chini ya 1,000 mwaka 2000 zilizidi 4,000 kufikia mwaka 2010. Nafasi zilipoongezeka, matundu ya chujio yalipanuliwa ili zijae. Hapo ndipo wanapoelezeka wale wanafunzi 5,000 wa mwaka 2012. Mtihani wao ulikuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa, na kuchaguliwa kwao kulitegemea nafasi zilizokuwepo. Katika miaka saba hakuna aliyelazimika kuwasimamisha mmoja mmoja, awape kitabu, awasikilize wakisoma kwa sauti. Uwezo, utafiti uliokuwa ukifanywa nyumba kwa nyumba na taasisi ya Twaweza, ulikuwa umekwisha kuonya mwaka 2010 kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtihani wa taifa haukuliona hilo kwa kuwa haukuwa umetumwa kulitafuta.

Lango lililofunguliwa, kisha likafungwa

Anayetaka kujua kinachotokea lango likiondolewa na likirudishwa hana haja ya kwenda mbali. Tanzania ilifanya yote mawili katika kidato cha pili, ndani ya miaka minne.

Hadi mwaka 2008, mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa kidato cha pili alitakiwa kukariri darasa. Mwaka huo serikali ililiondoa sharti hilo. Mtihani ukabaki, lakini haukumzuia mtu tena. Waliofanya mtihani huo mwaka 2008 wakafika kidato cha nne mwaka 2010, na ufaulu wa kidato cha nne ukaporomoka kutoka takribani asilimia 72 mwaka 2009 hadi asilimia 50 hivi. Miaka miwili baadaye zikaja zile sifuri 240,000. Wengi wakasema sababu ni hiyohiyo: mmeondoa lango, mmevuna magugu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini imesahau watoto wenyewe walikuwa akina nani. Kizazi kilichofanya mtihani mwaka 2010 ndicho kilichoingia sekondari mwaka 2007, wakati shule za kata zikifunguliwa kwa mamia. Watahiniwa wa mwaka huo walikuwa wengi kwa makumi ya maelfu kuliko wa mwaka uliotangulia. Walisoma katika majengo ambayo hayajapigwa lipu, fizikia bila maabara, hisabati kwa walimu waliopewa mafunzo ya wiki chache, na masomo karibu yote kwa Kiingereza, baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walikuwa wameshaeleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakiwatoshi kufuata masomo. Miaka zaidi ya 20 baadaye tuliongeza wanafunzi mara kadhaa bila kulitatua tatizo hilo. Kuporomoka kwa mwaka 2010 kulikuwa na sababu mbili zilizofika siku moja, na kuondolewa kwa lango ndiko kulikoonekana kwa urahisi zaidi.

Kuanzia mtihani wa mwaka 2012 sharti lilirudishwa. Mwanafunzi alitakiwa afikishe wastani wa alama 30. Asipofikisha akariri mara moja, na akianguka tena aondoke katika mfumo rasmi. Miaka miwili baadaye, mwaka 2014, ufaulu wa kidato cha nne ulipanda kutoka asilimia 58 hadi asilimia 68 hivi, na watu wakashangilia. Lakini angalia idadi, maana ndiyo inayosema zaidi. Watahiniwa waliofanya mtihani mwaka 2013 walizidi 400,000. Mwaka 2014 walikuwa chini ya 300,000. Zaidi ya vijana 100,000 hawakuonekana tena mezani, na lango la kidato cha pili ndilo lililowapunguza kwa sehemu kubwa: wengine walikuwa wakikariri, wengine walikwisha kuondoka.

Hapa ndipo penye somo kubwa la kisa hiki. Asilimia ya ufaulu inaweza kupanda bila mtoto hata mmoja kujua zaidi ya alivyojua jana. Inatosha kuwapunguza wanaopimwa. Inaweza pia kupanda kwa kuibadili mizani yenyewe, na hilo nalo tulilifanya. Baada ya matokeo ya kidato cha nne ya 2012, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Mei 2013 matokeo yalifutwa na kupangwa upya, na ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34 hivi hadi 43 bila karatasi mpya kuandikwa. Baadaye mwaka huohuo viwango vya alama vilibadilishwa. Mwaka 2014 ukaja mfumo wa wastani wa pointi. Mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja ya zamani. Mzazi aliyekuwa na watoto watatu waliofuatana katika miaka hiyo hakuwa na njia ya kujua yupi kati yao amefanya vizuri zaidi.

Wanaolitetea lango

Itakuwa dhuluma kusema wanaotaka lango hawana huruma. Wengi wao ni walimu, na wanachokisema wanakiona kila asubuhi. Mwalimu wa kemia wa kidato cha tatu akiingia darasa lenye wanafunzi 70, na 30 kati yao hawawezi kusoma swali wakalielewa, ana njia mbili. Awafundishe hao 30 mambo ya darasa la tano, wale 40 wapoteze mwaka wao. Au aendelee na mtaala, wale 30 wageuke samani. Kumvusha mtoto asiyeweza kufuata somo si wema. Ni kumweka mahali ambapo atajifunza kila siku kwamba yeye hafai.

Hoja ya pili ni ya thamani ya cheti. Mwajiri, chuo cha uuguzi, chuo cha ualimu, wote wanakitazama cheti cha kidato cha nne kama ahadi ya nchi kwamba mwenye nacho anajua kiasi fulani. Kikitolewa kwa kila aliyehudhuria, ahadi hiyo inakufa, na watakaoumia kwanza ni maskini, kwa sababu mtoto wa tajiri ana shule ya kimataifa na ana shangazi ofisini.

Hiyo inatupeleka kwenye hoja ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mtihani wa taifa unasahihishwa kwa namba, na msahihishaji hajui mtahiniwa ni mtoto wa nani. Katika nchi ambayo milango mingi hufunguka kwa kujuana, huu ni mlango mmoja ambao binti wa mkulima wa Kasulu anaweza kuusukuma peke yake. Vijana waliotoka vijijini wakaingia Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Msalato waliingia kwa alama. Anayetaka kuuvunja mlango huo lazima aseme ataweka nini mahali pake, maana pengo likiachwa, litajazwa na barua za utambulisho na simu za wakubwa.

Nakubaliana na hoja hizi zote. Lakini zina mpaka. Ya kwanza inadai msaada kwa mtoto aliyebaki nyuma. Haisemi popote kwamba akifukuzwa atakuwa amesaidiwa. Ya pili inahusu cheti mwishoni mwa safari, haihusu haki ya kusafiri. Ya tatu inahusu kugawa nafasi adimu, kama za shule za vipaji au udaktari. Haihusu kukaa darasani kwa mtoto wa miaka 15. Watetezi wa lango wanatetea mambo matatu tofauti kwa neno moja, na neno hilo likishapita linazuia hata watoto ambao hoja zenyewe hazikuwakusudia.

Gharama inamwangukia nani

Kiswahili kinasema mwanafunzi amekariri akirudia darasa, na kinasema amekariri akimeza maneno bila kuyaelewa. Sidhani kama kuna aliyepanga iwe hivyo, lakini neno limeona mbali. Mtoto anayerudia kidato cha pili kwa kawaida hupewa vilevile alivyopewa mwaka uliopita: mwalimu yuleyule, vitabu vilevile vya kugawana, Kiingereza kilekile kisichoelezwa. Kinachoongezeka ni umri wake na aibu. Kukariri darasa kunageuka kukariri maneno.

Shule nazo, zikihukumiwa kwa asilimia, hujifunza kujilinda. Kuanzia mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilipangwa kwa nafasi kitaifa na ndani ya wilaya zao. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipochambua takwimu, waligundua mambo mawili kwa pamoja: shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, na shule hizohizo zikapunguza idadi ya wanafunzi wanaofanya mtihani wa la saba. Walimu waliongeza juhudi, na papo hapo watoto dhaifu wakawekwa kando. Baadhi ya shule binafsi hufanya hivyo waziwazi, kwa kuweka wastani wao wa ndani na kumwondoa asiyeufikia kabla hajaifikia karatasi ya taifa, kisha hubandika mabango ya kujivunia ufaulu wa asilimia 100. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba shule hazifanani mazingira. Ulikuwa uamuzi sahihi, uliochelewa.

Kwa msichana gharama ina uso mwingine. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa upande wake ina kifungu kinachoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, kifungu ambacho Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubali kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Zisome sheria hizo mbili pamoja, kisha umfikirie binti anayeondolewa na mtihani wa kidato cha pili. Siku jina lake linapokatwa kwenye daftari la mahudhurio, linakatwa pia neno mwanafunzi, na neno hilo ndilo lililokuwa ukuta wake. Walimu wa darasa la saba wa mikoa mbalimbali wamekuwa wakisimulia kuhusu mabinti wenye akili nzuri ambao nyumbani waliagizwa wajibu vibaya, ili mahari isichelewe. Mtihani unaozuia unampa mzazi wa namna hiyo chombo ambacho asingeweza kukitengeneza mwenyewe.

Tukijumlisha, tunaona mtindo unaojirudia. Kufeli kwa mtoto wa miaka 15 kunatokana na wengi: mwalimu aliyekosekana, mtaala uliobadilika katikati, lugha iliyogeuzwa ghafla, darasa la pili ambalo halikumfundisha kusoma. Anayelipa ni mmoja. Shule inapandisha wastani wake kwa kumwondoa, wizara inatangaza ufaulu umeongezeka, naye anarudi nyumbani na neno sifuri.

Majirani zetu na walio mbali

Kenya imepita njia nyingine, na inafaa kuitazama kwa makini. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulioanza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2018, serikali ilikuwa imeagiza kila aliyemaliza shule ya msingi apelekwe sekondari, na machifu walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wasioripoti. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, watoto wa gredi ya sita hufanya upimaji wa KPSEA, ulioanza mwaka 2022, na wote huendelea na sekondari ya chini. Chujio limesogezwa mbele, kwenye kupangiwa shule ya sekondari ya juu na kwenye mtihani wa kumaliza sekondari. Halijatoweka, kwa sababu shule nzuri hazijaongezeka. Ila linamkuta mtoto akiwa ameshapata miaka mitatu zaidi ya shule. Miaka hiyo mitatu ni faida, hata kama chumba kina msongamano.

Kenya hiyohiyo ina funzo la zamani ambalo limesahaulika. Katika miaka ya 1970 Anthony Somerset aliongoza kazi ya kuutengeneza upya mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa wakati huo. Maswali ya kumeza yalipunguzwa, yakaongezwa ya kufikiri, yanayohusu maisha ambayo hata mtoto wa kijijini anayajua. Kisha kila mwaka shule zilipelekewa jarida la kueleza wanafunzi walikosea wapi na kwa nini. Tofauti za wilaya ziliongezeka kwanza, halafu zikaanza kupungua pale shule dhaifu zilipoanza kuyatumia maelezo yale. Hiyo ndiyo mizani ikifanya kazi ya mizani: mtihani uliomrudia mwalimu na ujumbe.

Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yaliwahi kumdai mwanafunzi mtihani wa jimbo ndipo apewe cheti cha sekondari, mwelekeo umegeuka. California ililisimamisha sharti hilo mwaka 2015. Massachusetts, jimbo linalosifiwa kwa shule zake, ililiondoa kwa kura ya wananchi Novemba 2024. Ushahidi wa Chicago, jiji lililoanza kuwakaririsha watoto kwa alama za mtihani katikati ya miaka ya 1990, unatufaa zaidi: watafiti waliowafuatilia hawakuona faida kwa waliokariri gredi ya tatu, na kwa waliokariri gredi ya sita waliona madhara. Ikiwa hali ni hiyo katika jiji lenye vitabu na walimu wa ziada, sisi tunategemea nini kwa darasa la watoto 90?

Nini kifanyike

Msimamo wangu ni huu: ndani ya elimu ya lazima, mtihani usimzuie wala kumwondoa mtoto yeyote, ila upimaji uwe mkali kuliko ulivyo sasa, uanze mapema, na matokeo yake yaifunge shule kabla hayajamfunga mwanafunzi.

Kwa vitendo, hiyo ina maana kwamba kila mtoto wa darasa la pili apewe aya asome kwa sauti mbele ya mtu asiye mwalimu wake, na afanye hesabu nne mbele yake. Asiyeweza apewe saa za ziada kila siku, kwa mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, hadi aweze. Mtaala wa madarasa ya mwanzo wa mwaka 2015, uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), uliweka msingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwajibika pale mtoto asipofika. Upimaji wa darasa la nne na wa kidato cha pili ubaki, lakini shule yenye wengi walioanguka ndiyo ianze kuulizwa: ilipewa walimu wangapi, vitabu vingapi, na imewafanyia nini wale waliobaki nyuma. Kama ni lazima mtoto akariri, iwe katika madarasa ya chini, kwa makubaliano na mzazi, na kwa mpango ulioandikwa unaoonyesha mwaka wa pili utatofautiana vipi na wa kwanza.

Cheti cha kidato cha nne kibaki na ukali wake. Hapo aliyefeli somo aambiwe amelifeli, bila kubadilishiwa madaraja kila waziri mpya anapoingia. Lakini njia ya kurudi iwe wazi na nafuu. Tuna mtihani wa maarifa, tuna watahiniwa wa kujitegemea, tuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na waraka wa mwaka 2021 uliwarudishia nafasi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua. Kurisiti kusiwe jambo la kujificha. Na kwa kazi ambazo kosa lake huua, kama uuguzi, udaktari na urubani, lango likazwe bila kuoneana haya, maana pale anayelindwa ni mgonjwa na abiria.

Wapo watakaosema haya yote ni ghali, na ni kweli. Ila tusisahau kwamba kumwondoa mtoto nako kuna bei. Tumeizoea tu kwa sababu haiandikwi kwenye bajeti. Inalipwa na familia yake, polepole, kwa miaka 40.

Swali hili si la nadharia tena. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na shule ya msingi itakuwa ya miaka sita. Kwa mpango huo, mwaka 2027 watamaliza kwa pamoja darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza, na Januari 2028 makundi yote mawili yataripoti kidato cha kwanza. Tutakuwa tumelifungua lango kwa watoto wengi kuliko wakati wowote, kama tulivyofanya mwaka 2007. Tukiwapokea bila walimu na bila kujua nani anasoma na nani hasomi, miaka minne baadaye tutahesabu sifuri, na tutasema kosa lilikuwa kuondoa mtihani.

Watoto hao wamo madarasani tayari. Majina yao yako kwenye daftari la mahudhurio, na mwalimu wao anajua, bila kusubiri karatasi kutoka Baraza la Mitihani, ni yupi anayeinamisha kichwa zamu ya kusoma inapomkaribia. Huyo ndiye wa kuanza naye, na wa kuanza naye leo, kabla mtihani haujamfikia.